Upande wa Kivuli

Mama yangu aliwasimulia wageni wake habari za nyumba yangu ya milimani mpaka wakazijua kwa moyo. Alikaa sebuleni kwetu Mabela, hapa Maskati, kahawa ikizunguka, akawatajia kuta za mawe nene kama za ngome, paa lililoinama ili theluji iporomoke, madirisha ya vioo vitatu vitatu, na chumba kizima cha kuwekea kuni tu. "Mwanangu aliinunua mwenyewe," alimalizia. "Hakusaidiwa na mtu." Wanawake wa Bawshar, wenye majumba yao ya marumaru, walitikisa vichwa. Jambo moja hakulitaja hata siku moja. Mama amefariki mwaka huu, na kwa kuwa hayupo tena wa kunifichia, nalisema mwenyewe.

Kwanza nijulikane. Mimi sikurithi kitu. Baba alifariki nikiwa bado nasoma, na mama akatulea, mimi na dada yangu, kwa kushona kofia katika fleti ya kupanga Ghubra. Alikaa dirishani tangu asubuhi, kwa sababu kazi ya kofia haitaki taa, inataka jua. Diploma yangu ya ufundi wa joto na baridi niliipata Ulaya, nchi ya watu, kwa lugha ya watu, na darasani kwetu mimi ndiye niliyeongoza. Nikaajiriwa katika mji wa milimani ambako theluji hulala chini tangu Novemba mpaka Machi. Boila ya hoteli ikiharibika, walinipigia mimi. Watu waliozaliwa ndani ya theluji walikaa na makoti yao wakimngoja mtu wa Maskati aje awapashe joto. Nilijiona mkubwa, na sioni kwa nini nisijione.

Nyumba nilikwenda kuiona mwezi wa Julai. Dalali, bwana mmoja mpole wa makamo, alinivusha mto akanipeleka chini ya mlima mkubwa uliosimama upande wa kusini. Palikuwa na misonobari, upepo, na ukumbi wa mbao ulio baridi kama maji ya mtungi. Kabla ya kufungua mlango akaniambia, "Huu ni upande wa kivuli." Nikamjibu kwamba naona. Tulipofika jikoni akarudia. Tulipokaa kutia saini aliweka kalamu chini, akasema mara ya tatu, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi. Nikamwambia kwamba hicho hasa ndicho nilichokuwa nikikitafuta.

Msomaji wa Maskati atanielewa. Kwetu mtu akinunua nyumba huuliza jua la alasiri linapiga wapi, apate kulikimbia. Gari tunaliacha mbali na mlango, mradi lipate kivuli cha ukuta. Anayekupisha kivulini amekuheshimu. Mimi nilidhani dalali anaisifia mali yake, na kwamba wenyeji waliojazana ng'ambo ya pili ya mto, wakipigwa na jua kutwa, hawajui raha. Diploma ilinifundisha kupima joto la chumba. Haikunifundisha kuuliza jua la Desemba linapita wapi.

Nyumba ile niliinunua kwa ajili ya mama. Dada yangu alikuwa ameshaolewa, mama amebaki peke yake. Fleti ya Ghubra tukairudisha kwa mwenyewe, na mama akaja Septemba na masanduku mawili, aishi nami mpaka mwisho wa umri wake. Mimi ndiye niliyelitaka hilo. Yeye alikubali.

Wiki za mwanzo alifurahi. Alichagua kiti karibu na dirisha, akaanza kunishonea kofia. Mwisho wa Oktoba jua likawa linachungulia tu juu ya mlima wakati wa adhuhuri. Siku moja ya Novemba halikutokeza kabisa. Theluji ikaanguka, na mama, aliyekuwa akiingoja kwa hamu, aliishika mara moja kiganjani, akasema ni kama ile ya kukwangua kwenye friji, akaingia ndani.

Nilimwambia kwamba nchi za baridi ndivyo zilivyo, jua huondoka likarudi. Aliniamini kwa siku tatu. Siku ya nne akaniita dirishani. Ng'ambo ya mto nyumba zote zilikuwa ziking'aa, mapaa yao yakitona maji, na mtu mmoja alikuwa nje anapasua kuni na shati tupu.

"Wale mbona wanalo?" akauliza.

Nikamwambia ni kwa siku chache tu, nao litawaondokea. Sikuwahi kumwambia mama uwongo tangu nipate akili. Siku ile nilimwambia, kwa ajili ya nyumba.

Desemba ikaingia. Kofia ikarudi sandukuni. Chakula akawa anakionja tu, na akitoka kwenye sala ya alfajiri alirudi kitandani, yeye ambaye sikuwahi kumwona amelala mchana. Akisimama kuelekea kibla, alikuwa akiuelekea mlima ule ule uliotuzibia. Mimi nikafanya ninachokijua. Nililaza mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu ya chumba chake, kwa mikono yangu, kazi ambayo mafundi wawili wa mji ule walisema haiwezekani katika nyumba kongwe. Mama akaikanyaga kwa miguu mitupu, akanishika bega.

"Joto nnalo, baba," akasema. "Kilichonipotea si joto."

Nilimsikia, na bado sikusema kweli.

Siku moja ya Januari nilirudi kutoka kazini adhuhuri. Nyumba ilikuwa kimya na viatu vyake havipo mlangoni. Nyayo zake zilishuka kwenye theluji mpaka kwenye daraja la waendao kwa miguu. Daraja lilikuwa limeganda, hata mimi nililivuka kwa kushikilia chuma, na mama alikuwa na magoti mabovu. Nilitazama mtoni kabla ya kutazama mbele. Kisha nikaziona nyayo zikipanda upande wa pili.

Nilimkuta kwenye benchi mbele ya nyumba ya bibi mmoja wa kule, mzee kuliko yeye. Uso ameuelekeza juani, kofia yangu mkononi, sindano inakwenda. Bibi yule amemfunika magoti kwa blanketi. Hawakuwa na lugha yoyote ya kusemezana. Baadaye nikajua kwamba ilikuwa siku yake ya sita pale.

Bibi akanitazama, akanyoosha kidole kwenye nyumba yangu ng'ambo, akaniuliza jambo.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Ningeweza kumtafsiria lolote. Lakini niligeuka, nikaiona nyumba yangu kutoka kule kwa mara ya kwanza katika majira yale. Ilikuwa imezama chini ya mlima, nyeusi, wakati sisi tunafumba macho kwa mwanga.

"Anauliza nani aliyenidanganya nikanunua upande ule," nikasema. "Anasema jua halifiki pale mpaka Februari. Kila mwaka."

"Na nani aliyekudanganya?"

"Hakuna mtu. Dalali aliniambia mara tatu kwamba ni upande wa kivuli. Mimi nikafurahi."

Mama akavuta uzi, akaukata kwa meno. Nilingoja anicheke, maana ulimi wake ulikuwa mkali na sisi wanawe tulikulia chini yake.

"Kumbe ulinitafutia kivuli," akasema. Akatunga uzi mwingine. "Nami ningenunua pale pale."

Bibi akataka kujua mama amesema nini. Nilijaribu, nikashindwa. Katika lugha yao neno "kivuli" halina raha ndani yake.

Tangu siku ile nilimshika mkono mama kila adhuhuri, nikamvusha daraja, na nyumba nikaitangaza. Kila aliyetaka kuiona nilimleta saa sita mchana, katika giza lake, asije akasema hakujua. Akainunua mtu aliyeitaka kwa mwezi wa Julai tu.

Tukarudi Maskati, na huku Mabela dalali mwingine alinisifia nyumba yenye kivuli kutwa. Nikamwambia anionyeshe nyingine. Nilichukua hii, inayopigwa na jua tangu linapochomoza, na viyoyozi nikafunga mwenyewe. Hakuna nyumba mtaani iliyo baridi kama yangu, mwenye shaka na aje. Dirisha la mashariki lilikuwa la mama, na hapo ndipo alipoimaliza kofia yangu.

Nilikuwa nimeivaa siku mgeni mmoja alipomuuliza kama kule milimani jua lilikuwapo. Mama hakunitazama. Alimmiminia kahawa mpaka kikombe kikajaa.

"Lilikuwapo," akasema. "Tulikuwa tukenda kulifata."