Shangazi alipewa pole ya msiba na hakuna aliyekufa

Wakuu, salaam kwenu. Natanguliza samahani kwa imla yangu mbovu. Nimesoma hadi darasa la saba Unguja, naandika polepole kwa kidole kimoja, na lau hii ingekuwa karatasi mngenisamehe na mwandiko.

Ila ninayosema ni kweli tupu. Majina nimebadilisha. Mwenye kisa amenipa ruhusa.

Nakaa Birmingham, Uingereza, mtaa wa Sparkhill, kwa shangazi yangu. Ni mjane, ana binti mmoja, Zuhura, kazaliwa hapa hapa. Zuhura anaendesha basi la abiria. Ukiwa unakimbia kwenye mvua Stratford Road na dereva akakungoja, huenda ni yeye.

Zuhura alimwambia mama yake kwamba anapenda wanawake, na ana mwenzake anayekaa mtaa wa Harborne.

"Mum, ukitaka nihame nitahama," alisema. "Just don't ask me to lie." Yaani asiambiwe aseme uongo.

Sanduku alishalipanga, akaliweka chini ya ngazi.

Shangazi hakulia wala hakugomba. Alifua mapazia ya nyumba nzima.

Baada ya hapo waliishi kama wapangaji wawili. Mmoja anaacha chakula kimefunikwa, mwingine anaosha sahani. Sanduku pale pale, sote tunalipita ubavu ubavu.

Shangazi alikuwa anataka mtu wa kumwambia. Akampigia rafiki yake Bi Salma, akamweleza kwa siri.

Bi Salma ni mtu wa siri sana. Aliiweka kwenye grupu la WhatsApp la akina mama, na juu yake akaandika kwamba ni siri.

Mmoja akatuma dua. Mwingine akatuma dua ile ile. Wa tatu akauliza kama vile vitenge bado vipo. Kisha wakakubaliana waje kumpa pole.

Hapa nisimame kidogo. Mtu akifiwa, sisi tunajua la kufanya. Mtu akiambiwa hivi na mwanawe, hatuna utaratibu. Basi wakachukua ule wa msiba.

Jumamosi wakapanda basi na sufuria zao za pilau, kanga kichwani, nyuso zimeanguka.

Dereva alikuwa Zuhura.

"Shikamooni. Mnakwenda wapi na sufuria?"

"Kwenu," akasema Bi Salma.

"Kwetu kuna nini?"

Bi Salma akamtazama kwa huruma. "Endesha, mwanangu. Mungu atakupa subira."

Wakaenda kukaa nyuma.

Sasa fikirini. Dereva haruhusiwi kushika simu. Watu wanapanda, wanashuka, mmoja anamlalamikia foleni, na yeye kichwani anajua mama yake kafa.

Nyumbani mikeka ilishatandikwa. Mimi niko jikoni na vitunguu, kwa sababu wanawake wakiwa wengi mimi huona haya. Shangazi kakalishwa katikati.

"Pole, dada."

"Kazi ya Mungu."

"Alikuwa mtoto mzuri," mwingine akasema.

Alikuwa. Kisu nikakiweka chini.

Mara mlango ukafunguka kwa kishindo. Zuhura, na sare yake ya kazi, machozi hadi shingoni. Alimwona mama yake ameketi, mzima. Akakaa chini juu ya viatu vya wageni.

"Nani kafa?"

Mmoja akafunika sufuria yake.

"Mum, nani kafa? Nilidhani ni wewe."



"Hajafa mtu," akasema Bi Salma, "ila..."

"Ila nini?" Shangazi akauliza. Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo siku ile.

Bi Salma akaitazama pilau.

Shangazi akainuka, akampangusa mwanawe uso kwa ncha ya kanga. "Mwanangu yuko hai na ana njaa. Pakueni."

Zuhura akapakuliwa wa kwanza, pilau ya msiba wake mwenyewe. Alikula sahani mbili, kisha akasema iliki imezidi.

Jioni nikaambiwa nilirudishe sanduku juu.

Msidhani Shangazi alielewa siku hiyo. Mpaka leo anasema haelewi, na kila akisali anaomba aelewe. Ila mtoto hahami.

Yule mwenzake wa Zuhura ndiye aliyetuambia kuna kikundi cha wazazi wa watoto kama Zuhura, kinakutana mtaa wa Kings Heath. Nikamsindikiza Shangazi. Wazungu wamekaa duara, na biskuti. Mwenyekiti akamwuliza anajisikiaje. Shangazi akafikiri sana, akasema biskuti ni kavu.

Baba mmoja alipoanza kulia, Shangazi akamshika mkono mpaka akamaliza. Hiyo kazi anaijua. Wiki ya pili alipeleka maandazi.

Na Bi Salma? Aliacha sufuria yake kwetu. Akaja kuichukua, akanywa chai, akaisahau. Akaja tena, akaisahau tena. Safari nyingine akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi Zuhura alikwambia kwa maneno gani? Maana mwanangu Abduli naye naona kuna jambo limemkaa kooni."

Shangazi hakuliweka kwenye grupu lolote.

Alhamisi iliyopita Bi Salma alipanda basi la Zuhura, miwani myeusi usoni na mvua inanyesha, sufuria kaikumbatia.

"Leo kafa nani?" Zuhura akamwuliza.

"Hakuna. Nishushe Kings Heath."

Nilichojifunza ni kidogo. Rafiki akikuletea habari ya mwanawe, muulize anahitaji nini kabla hujaweka mchele motoni.

Wazazi mliopitia haya, niandikieni hapa. Shangazi hajui kuingia humu, kila jibu namsomea mimi. Ya matusi nayaruka, namwambia mtandao unasumbua.