Friji Lililosoma Tano Kila Siku

Saa moja na dakika tano asubuhi, mlango wa mbele wa zahanati bado umefungwa. Katika chumba cha chanjo, mwanamke wa miaka hamsini na miwili amepiga goti mbele ya friji. Mkono mmoja umeshika tochi ndogo, mwingine unashusha miwani puani. Anasoma kipimajoto. Anapepesa macho, anasoma tena, kisha anaandika kwenye fomu iliyobandikwa mlangoni mwa friji: nyuzi nne na nusu.

"Zamani ningeshaandika kabla sijatua mkoba," anasema bila kuinua uso. "Tena kwa mwandiko mzuri."

Kazini wanamwita Bi Tano. Wageni hudhani ni jina la utani la kumpendeza. Wenyeji wanajua lilikotoka, na wengine hulitaja kwa kicheko. Yeye huitika.

"Nimelichuma mwenyewe hilo," anasema. "Nitalikataa vipi?"

Ni muuguzi msaidizi, na mwaka wa kumi na moja sasa ndiye mtunza chanjo. Kila asubuhi na jioni anatakiwa kusoma joto la friji na kuliandika. Chanjo hukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Zipo ambazo zikiganda hufa kimyakimya: kichupa ni kilekile, ukikitazama kwa haraka huoni tofauti, lakini nguvu haimo tena.

Miaka mingi friji lake lilisoma tano, leo tano, kesho tano. Mazoea yakaanza kumfanyia kazi.

"Siku moja foleni ilikuwa na kina mama sabini. Nikaandika tano bila kuangalia. Kesho yake nikaangalia, nikakuta tano kweli. Nikajiambia, si unaona?"

Kutoka hapo akawa anajaza siku mbili kwa mpigo, kisha wiki nzima. Mwisho wa mwezi fomu zilikusanywa na kupelekwa ofisi kuu, na hakuna aliyewahi kurudi kumwambia zinafanya nini huko. "Nilidhani wanafungia karanga," anasema. Anacheka kidogo, halafu anaona aibu ya kucheka.

Kumbe huko zilikuwa zinasomwa. Fundi wa mafriji ni mmoja na vituo ni arobaini, hivyo ofisi hupanga ratiba yake kwa kutazama fomu: penye namba mbaya ndipo anapotangulia. Namba za Bi Tano zilikuwa safi kuliko za wote, kwa hiyo miezi minne fundi hakukanyaga kwake. Badala ya fundi kikaja cheti chenye fremu: Kituo Bora cha Kumbukumbu. Alipigiwa makofi, akapiga picha nacho.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikatwa na binti wa miaka ishirini na sita, mtakwimu mpya wa ofisi kuu. Alizipanga namba za miezi minne katika mstari mmoja, na mstari ukalala kama kamba iliyovutwa. Akashangaa ni friji gani lisilopanda wala kushuka hata siku umeme unapokatika. Alhamisi moja akaja mwenyewe.

Alikuta fomu imejazwa hadi Jumapili.

"Mama, kwani Jumapili imeshafika?" aliuliza kwa upole.

Bi Tano anasema heri angetukanwa. Binti aliinama, akamulika kipimajoto. Kilisoma nyuzi mbili chini ya sifuri. Nyuma ya vichupa, ukuta wa friji ulikuwa umeota barafu.

Mtakwimu huyo alieleza jambo ambalo Bi Tano hulirudia neno kwa neno. "Unachoandika wewe ni namba tu. Mimi nikizipanga na kuzilinganisha, zinakuwa habari. Fundi akijua kwa habari hiyo aende wapi, hapo ndipo ofisi imejua kitu. Ukitudanganya huku chini, sisi kule juu tunabaki wajinga wenye ripoti nzuri."

Adhabu ilikuwa barua ya onyo na kukatwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Hiyo, anasema, ilikuwa nyepesi. Kazi ilikuwa watoto sitini na wanne waliochomwa chanjo zilizokufa, ambao lazima warudi kuchomwa upya.

Mganga wa zahanati alipendekeza wazazi watumiwe ujumbe wa simu. Bi Tano akakataa.

"Ujumbe hauoni haya," alimwambia. "Nitakwenda mwenyewe."

Alikwenda kwa miguu, mlango hadi mlango, wiki saba. Wapo waliomkaribisha kiti, na wapo waliomwacha asimame juani. Fundi cherehani mmoja alisimamisha mashine na kumuuliza, "Kwa hiyo mwanangu alilia bure siku ile?"

"Ndiyo, mama. Alilia bure. Kosa ni langu."

Cheti bado kiko ukutani, ila kimegeuzwa. Mgongoni amebandika orodha ya watoto wale, na kila aliyerudi amewekewa alama. Alama ni sitini na tatu.

Aliyebaki ni mjukuu wake, mtoto wa mwanawe wa kwanza, aliyekuwa na miezi minne wakati ule. Mkwe wake, muuza viatu, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, friji ningelisamehe, ni chuma. Lakini wewe ulimshika mguu mwenyewe, ukamwimbia." Tangu siku hiyo hajamletea mtoto, na Bi Tano hajathubutu kwenda tena. "Sina uso," anasema.

Siku hizi safu ya maoni kwenye fomu, iliyokuwa tupu miaka yote, imejaa: umeme ulikatika saa mbili, mlango haukufunga vizuri. Kwa maandishi hayo aligundua kuwa kikapu cha nyuma hupoa kupita kiasi alfajiri, akahamisha chanjo mbele. Ofisi imevielekeza vituo vyote vifanye hivyo. Aliomba asitajwe.

Kabla ya kustaafu anataka jambo moja: kila mtunza chanjo mpya aletwe kwake siku ya kwanza, amwonyeshe fomu yenye Jumapili iliyojazwa Alhamisi.

Saa tatu foleni imefika uani. Bi Tano anainua macho kuita anayefuata. Mkwe wake amesimama mlangoni, mtoto kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hamkabidhi mtoto. "Friji linasoma ngapi leo?"

Jibu analo. Amelisoma asubuhi hii, ameliandika, fomu iko pale mlangoni mwa friji.

"Ngoja nikaangalie," anasema, na kuchukua tochi.

Anapopiga goti, mkwe anapiga goti kando yake, mtoto begani, na kunyoosha mkono kuiomba tochi. Bi Tano anampa.