Kisu cha Mashoto

Nakumbuka vizuri siku niliyonunua kisu changu cha kwanza cha kukatia samaki mbichi. Nakusimulia leo, Furaha mjukuu wangu, kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu kile unachotaka kununua kwa ajili ya kazi yako mpya ya kukata samaki kule Saint Paul. "Babu, kiko kwa sale," ukasema, huku uso unang'aa. Subiri kwanza, mwanangu, unisikilize.

Nilikuwa kijana, nimetoka Uvira juzijuzi tu, naosha vyombo katika mgahawa wa Kijapani pale Minneapolis. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Hideo, mtu wa maneno machache. Akaniambia nitafute kisu changu mwenyewe, na mwisho wa mwezi angenijaribu kwenye meza ya samaki. Nilifurahi hadi nikasahau kula. Kutoka kwenye masufuria hadi mezani, mbele ya wateja! Nafasi ile niliitamani kuliko kitu chochote.

Kisu chenyewe si kama hicho mama yako anachokatia sombe, yale majani ya muhogo. Ni kirefu na chembamba, kimenolewa upande mmoja tu, na upande wa pili ni bapa. Unakivuta mara moja, kutoka karibu na mpini hadi ncha, si kukatakata kama msumeno. Ndiyo maana kipo cha mkono wa kulia na kipo cha mkono wa kushoto. Muuzaji akaniuliza natumia upi. Nikajibu, wa kulia.

Nilidanganya. Mimi ni mashoto tangu kuzaliwa. Lakini kwetu mkono wa kushoto haugusi chakula, na shangazi yangu alinichapa vidole kwa mwiko mpaka nikajua kuuficha. Ningeutajaje mbele ya mgeni, tena kwa kazi ya chakula?

Basi nikawa nakata kwa kulia watu wakiniangalia, na kwa kushoto nikiwa peke yangu. Vipande vikatoka vinene huku, vyembamba kule. Nikadhani kisu kibovu. Nikakinoa pande zote mbili kama panga la shambani, nikauharibu ule ubapa, kisha nikakiacha kimelowa kwenye sinki mpaka kikashika kutu.

Siku ya kujaribiwa, Mzee Hideo alikigeuza kisu mkononi. Halafu ghafla akanirushia kitambaa. Nikakidaka kwa kushoto.

"Kumbe," akasema. "Kisu hakikuwa na kosa. Ulimnunulia mtu mwingine."

Akanirudisha kwenye masufuria mwaka mzima. Siku ile nililia kwenye basi hadi Fridley nilikokuwa nakaa, sikufichi.

Sasa nikwambie linaloniuma. Jumapili baada ya ibada, kule kwenu Crystal, ulimega bugali kwa kushoto. Nikakohoa kwa nguvu, nikakuita kwa jina mbele ya wageni, nawe ukabadilisha mkono. Mimi, kati ya watu wote! Nilikosa, mwanangu. Nisamehe.

Na kile kisu cha kwenye simu yako ni cha kulia, nilikiona. Achana nacho. Agiza cha kushoto, hata kikichelewa kufika. Usidanganywe na mng'ao wala urefu, chukua kile ambacho mkono wako unaweza kukivuta mara moja bila kuhangaika. Kifute kila unapokitumia, kikaushe, kipake mafuta kidogo kabla ya kukirudisha kwenye ala yake ya mbao. Noa upande wake mmoja. Ule ubapa ulaze kabisa juu ya jiwe la kunolea, uuguse kidogo tu. Na kisikate mfupa, wala samaki aliyeganda, wala mbuzi wa harusi, hata shangazi zako wakikubembeleza.

Mungu akusimamie kwenye meza hiyo, akubarikie vidole vyote kumi. Na Jumapili ijayo uje ukae karibu na mimi. Tutamega kwa kushoto sote wawili, wageni watuangalie.