Kiganja Kwenye Kioo cha Nyuma

Evelina hakuwahi kushika usukani hata siku moja, lakini Butimba nzima hakuna aliyejua kuosha gari kama yeye. Nayasema haya kwa kuwa nilikuwa jirani yake. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu, na asubuhi nyingi nilisimama pale na ungo wangu wa mchele, nikimwangalia.

Mumewe, Machibya, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Viwanda vilipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake wengi walifungua vibanda vya soda, wengine wakarudi vijijini. Yeye alichukua kiinua mgongo chake akashuka Dar es Salaam, na baada ya wiki kadhaa akarudi akiendesha Toyota nyeupe iliyotumika Japani, imejaa vumbi jekundu la Singida mpaka ndani ya bawaba za milango. Miaka ile magari ya mitumba yalikuwa yameanza kumiminika. Mtu uliyemjua kwa baiskeli ungemkuta mjini ameegemea boneti, anazungusha funguo kidoleni.

Machibya hakununua gari kwa maringo. Aliona kwamba Mwanza haipiti Jumamosi bila harusi, na kila bibi harusi anataka gari jeupe. Akaamua kulikodisha gari lake kwa maharusi, dereva akiwa yeye mwenyewe, amevaa suti yake ya kijivu.

Taabu ilikuwa kwenye kuliosha. Mwanzoni aliliosha mwenyewe, saa sita juani, kwa sabuni ya unga na maji ya bomba. Likikauka linabaki na michirizi kutoka paani hadi milangoni, kama uso wa mtoto aliyelia akalala bila kunawishwa. Shangazi mmoja wa bibi harusi akalizunguka gari, akauliza kama limeoshwa au limetapikiwa. Machibya alirudi nyumbani akavua koti, akamwambia mkewe, "Mama, mimi kazi hii imenishinda. Jaribu wewe."

Evelina akajaribu, na tangu siku ile hakumwachia tena. Alimwambia mumewe alisogeze gari kwenye kivuli cha nyumba kabla jua halijapanda, maana bati likiwa la moto maji hukauka kabla hujayafikia. Kwanza alimwaga maji matupu, kuondoa mchanga usije ukakwaruza rangi. Kisha ndoo mbili: moja ya povu la sabuni ya mche, nyingine ya kusuuzia kipande cha godoro alichooshea. Alianzia paani akishuka, magurudumu mwisho. Hakuosha gari zima kwa mara moja. Upande mmoja anauosha, anausuuza, ndipo anahamia mwingine. Maji ya mwisho yalikuwa ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa, kwa sababu yale ya bomba yakikauka huacha madoa meupe. Halafu anafuta haraka, kwa kitambaa laini kikavu, akivuta upande mmoja tu bila kuzungusha mkono.

Kuhusu hicho kitambaa, alikitafuta sana. Kanga ziliacha nyuzi, taulo liliacha manyoya. Siku moja nikamwona ametoa nepi nyeupe za pamba, zilizofuliwa mpaka zimekuwa laini kama sikio la sungura. Nilizijua. Zilikuwa za Kija.

Kija alikuwa binti yao wa pekee. Malaria ilimpanda kichwani mwaka wa tisini na sita, akiwa na miaka minne, akafa ndani ya siku mbili tu. Machibya ni Mkerewe, kwa hiyo walimpeleka kumzika kwao Nansio, kisiwani, wakavuka na jeneza dogo katika meli wakati ambapo mji mzima bado ulikuwa na kilio cha meli iliyozama mwezi Mei. Waliporudi, Machibya alimwambia mkewe kwamba wasilitaje tena jina la mtoto, wasije wakajimaliza. Evelina akatii. Hawakulitaja, na Nansio hawakurudi. Nilipoziona zile nepi juu ya boneti nilirudi jikoni na ungo wangu.

Basi zikaja mvua za El Niño. Mlizikuta? Zilinyesha mwaka ukaisha, zikanyesha mwingine ukaanza. Barabara ziligeuka tope, na gari jeupe likawa la kuoshwa kila siku. Mazulia yake hayakukauka kamwe.

Asubuhi moja Machibya alitoka na kikombe cha chai, akazunguka nyuma ya gari lililokwisha kuoshwa.

"Umeacha michirizi kioo cha nyuma," alisema.

Evelina akafuta. Haikutoka. Akamwagia maji baridi, akafuta tena. Ndiyo kwanza ikazidi. Akainama karibu, kisha nikamsikia ananiita kwa sauti ya chini, "Mama Chenge, njoo mara moja."

Nikapita uwazi wa minyaa. Kioo kilikuwa kimefanya ukungu kwa ndani, na ndani ya ukungu ule palikuwa na kiganja cha mtoto, vidole vitano vimetanuliwa. Kando yake pamechorwa uso kwa kidole: duara, macho mawili, mdomo unaocheka. Chini yake herufi tatu za Kijapani, zinazofanana na vijiti vilivyoanguka.

"Nani ameingia humu?" niliuliza.

"Hakuna. Funguo anazo baba, na hapa hatuna mtoto."

Tulielewa wote wawili. Ni mtoto wa huko lilikotoka, aliyekaa kiti cha nyuma siku ya mvua kama ile, akagusa kioo kwa mkono wenye mafuta. Mkono ule ulikuwa umesafiri baharini na gari, ukapita Dodoma na Singida, unaonekana kioo kikipata ukungu na kupotea kikikauka. Jambo lenyewe ni la kawaida ukilifikiri. Lakini Evelina aliinua mkono wake taratibu akauweka juu ya kile kiganja, upande wa nje.

"Kifute kwa ndani," nilimwambia. "Spiriti kidogo tu."

"Nitafuta," alijibu.

Hakufuta. Alianza kuamka mapema zaidi. Nikawa nasikia maji yakimwagwa, halafu kimya, halafu sauti yake, ya polepole, ile tunayoongea tukimvalisha mtoto. Siku moja nilimkuta ameketi kiti cha nyuma, milango imefungwa, anahema juu ya kioo ili ukungu uje. Aliponiona hakuona haya. Alisema tu, "Ni wa umri ule ule, Mama Chenge. Pima mkono."

Nilimwambia mume wangu kwamba Evelina anatupotea. Akasema ni mambo ya watu, niyaache.

Mwezi Februari kulikuwa na harusi ya Prudencia, binti wa mwalimu mmoja wa hapa Butimba, watu wa Bukoba. Gari lilitoka nyumbani linametameta, limefungwa riboni na maua ya karatasi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waalikwa. Ibada ikaisha salama, tukateremka ziwani, kwenye mawe ambako maharusi hupigia picha, na hapo mvua ikafunguka. Bibi harusi na msimamizi wake wakakimbilia kiti cha nyuma na nguo zao zilizolowa, vioo vikafungwa. Kwa pumzi zao vikafunga ukungu palepale.

Mpiga picha, aliyekuwa amesimama nje chini ya mwavuli, ndiye aliyepiga kelele. Nyuma ya shela ya bibi harusi, karibu kabisa na kichwa chake, palikuwa na mkono mdogo umebandikwa kioo, kana kwamba mtoto amesimama kitini anataka kutoka. Msimamizi akageuka, akauona naye, akafungua mlango akatumbukia kwenye matope. Prudencia alilia mpaka wanja ukamfika shingoni. Wazee wakakataa asirudi kwenye lile gari, akapelekwa ukumbini kwa gari la mizigo la mjomba wake. Machibya alibaki amesimama mvuani, na suti yake ya kijivu, mkono kwenye mlango ulio wazi.

Kabla ya Jumatatu habari ilikuwa imefika hadi mtaa wa Mabatini. Gari la Machibya lina jini la mtoto. Wengine wakaongeza kwamba huyo mtoto ni wake mwenyewe, kwamba alimtoa kafara ili apate gari. Neno hilo lilimfikia. Najua lilimfikia, kwa sababu Jumatatu asubuhi alitoka na chupa ya spiriti na tambara, bila hata kunawa uso.

Evelina alikuwa uani. Akamshika mkono. Mimi nilikuwa naanika nguo, na sikuondoka.

"Niache," Machibya alisema.

"Baba, usimfute."

"Nisimfute nani? Ni uchafu wa kioo!"

"Ni mkono wa mtoto wa watu. Ana mama yake. Pengine mama huyo naye hana kingine cha mwanawe kilichobaki."

"Evelina, watu wanasema nimemuuza mwanangu. Umesikia? Mimi!"

"Kwani wewe ulishasema nini? Hata jina lake hutamki. Watu wakikuta nyumba kimya watasema wanachotaka."

Machibya aliiweka chupa juu ya boneti. Nilidhani atampiga, na hakuwa mtu wa kupiga. Akakaa chini, kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa tambara lile lile.

"Unafikiri ni wewe peke yako unayemwona?" alisema. "Ingia ndani utazame kile kioo cha dereva cha kutazamia nyuma. Nimekigeuza kinaangalia paa. Tangu Singida, mama. Nilikuwa peke yangu njiani, nikahisi miguu midogo inapigapiga mgongo wa kiti changu. Hivi, hivi. Kama alivyokuwa akinifanyia kwenye basi tukienda kanisani. Nikasimamisha gari, nikatazama, hakuna mtu. Nikiendesha inarudi. Kila siku ninaendesha nayo. Nawabeba maharusi nayo."

Evelina akapiga magoti kwenye maji ya sabuni. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, wakati nilikuwa nimekukataza?"

Hapo niliacha nguo zangu nikaingia ndani.

Siku ya tatu waliniachia ufunguo wa nyumba, wakapanda meli ya Nansio. Evelina alikuwa akiogopa meli tangu msiba ule wa Mei, na alinieleza baadaye kwamba njia nzima alifumba macho, mumewe amemshika bega. Bandarini walipokewa na mama mkwe wake, bibi mfupi wa maneno machache.

"Shikamoo, mama," Evelina alimwamkia.

"Marahaba, Mama Kija," yule bibi alijibu, na Evelina akaketi pale pale juu ya mzigo wa mihogo. Kwa karibu miaka miwili hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Sisi majirani tulikuwa tumerudi kumwita Evelina, tukidhani tunamhurumia.

Kaburi walilikuta limefunikwa na nyasi kwa zile mvua. Walilipalilia wawili, wakapanga mawe, na Machibya akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Mama yake hakumnyamazisha. Alisimama kando ameshika jembe, akingoja amalize.

Waliporudi, jambo la kwanza Evelina alilofanya ni kuosha gari. Aliniita nishuhudie. Aliosha nje kama kawaida yake, kisha akaingia kiti cha nyuma na ile spiriti. Alihema juu ya kioo, ukungu ukaja, na uso ule wa duara ukatucheka. Akavinyooshea kimoja kimoja vidole vya kile kiganja, kama anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Akasema, "Mama yake, popote ulipo, nisamehe. Nilimkaribisha kadiri nilivyoweza." Halafu akafuta, kwa mvuto mmoja, akageuza kitambaa akafuta tena. Kioo kikawa kitupu, hakina hata unyuzi. Kukitazama kulikuwa kugumu kuliko kuitazama ile alama.

Harusi hazikurudi. Watu wa Mwanza husahau, lakini si upesi hivyo, na tayari magari meupe mengine yalikuwa yamejaa mjini. Machibya alilipaka rangi ya bluu, akawa anapakia akina mama wa samaki kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, alfajiri, watu wasio na nafasi ya kuogopa jini. Liliishia kunuka sangara kiasi kwamba Evelina alikuwa akiliosha kwa ndimu.

Siku moja Machibya alinipa lifti kwenda mjini, mimi nimeketi mbele. Tulipopita magereza nikakusanya ujasiri.

"Shemeji, ile miguu iliacha?"

Hakushangaa kuulizwa. Aliendesha kidogo, akabadilisha gia.

"Haikuacha," alisema. "Ila zamani nilikuwa nabana mgongo na kuongeza mwendo. Sasa namwambia, Kija, kaa vizuri mwanangu, baba anaendesha."

Sikugeuka kutazama nyuma. Tulifika sokoni, nikashuka na kikapu changu, nikamshukuru. Alingoja nifunge mlango vizuri, akaondoka polepole, huku akikwepa kila shimo la barabara.