Mto Ulio Chini ya Ukuta

Niliondoka Kirotshe kwa sababu wenzangu wawili walikataa. Ofisi ilitaka mtu akague bwawa dogo la umeme karibu na Itebero, atie sahihi kwamba ukuta ni salama. Vita ilikuwa barabarani. Mimi sina mke wala mtoto wa kunililia, nikachaguliwa. Nilikasirika, nikaenda.

Masisi, kwenye kizuizi cha askari, dereva wa pikipiki iliyonibeba aligeuza. "Naishia hapa, kaka. Mbele iko mubaya." Siku nyingi zilizofuata nilitembea peke yangu, nikipita vijiji visivyo hata na kuku. Nilibisha hodi nikajikaribisha mwenyewe. Upweke ule uliniuma kuliko miguu.

Itebero nilikuta ukuta mzima, hauna ufa. "Maji ikipanda, nafungula lango, ukuta isipasuke," alisema Papa Yosefu, mlinzi. Fomu yangu haikuuliza kitu kingine. Nikaijaza, ikabaki kutia sahihi tu.

Jioni nililala kwa Mama Furaha, mjane. Aliniwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaomba radhi kwamba samaki hakuna: lango likifunguliwa, matope hufukia mazalio yao. Wanawake wa pale huziba kijito kwa udongo, wakakausha maji kwa vikapu, wakaokota samaki, kisha huuvunja udongo.

"Mwenye kuvunja udongo yake anaita kwanza," alisema. "Wa chini wakiitika, njo anavunja. Lakini lango haiite. Ilifunguliwa, dada yangu iko mu maji, ikamubeba. Ukuta ilipona."

Niliirudisha fomu mfukoni bila kutia sahihi.

Asubuhi, baada ya mvua, bwawa lilikuwa limejaa. Nilimuuliza Papa Yosefu kwa nini haiti watu kabla ya kufungua. Akainamisha kichwa. "Mu karatasi hawakuandika kama niite."

Nikaandika palepale kwenye fomu: afungue kidogo kidogo, na kabla ya hapo aite, asubiri kuitikiwa. Akaita mara tatu. Kimya.

"Wamekimbia vita," nilisema. "Fungua."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye usukani wa lango. Akauondoa. "Acha nikaone kwanza."

Tuliteremka. Nyuma ya kona, Mama Furaha alikuwa ndani ya mto hadi magotini, peke yake, ametugeuzia mgongo, akichota maji kwa kikapu. Mlio wa maji ulikuwa umemziba masikio. Alikuwa akinitafutia samaki wa njiani. Alipopanda ukingoni, ndipo lango likafunguliwa kidogo kidogo.

Nilirudi kwa njia ileile, na fomu isiyo na sahihi. Mkuu wangu aliuliza kama ukuta una ufa. Nikamwambia hauna, nikamsomea sentensi niliyoongeza: mlinzi asipoitikiwa, ateremke akaangalie kwa macho. Nimejifunza kwamba asiyeitika hajasema hayupo.