Chuma Kilichobaki Bumula

Barua yangu ya kwanza ya kuomba uhamisho niliiandika mama akiwa bado anatembea kwa fimbo. Mimi nafundisha jiografia katika sekondari moja Bumula. Yeye alibaki Kitale, kwenye shamba walilonunua na marehemu baba walipohama kutoka Nyeri, na mtoto wake ni mimi tu. Mwalimu mkuu wetu hakatai mtu. Hutabasamu.

"Madam, tafuta mwalimu wa kubadilishana na wewe, nitasaini hapo hapo. Lakini na hayo matokeo yako, bana, nikuachilie aje?"

Sifa zangu ndizo zilizonifunga. Basi nikaamua kufundisha vibaya muhula mzima: kusoma kitabu neno kwa neno bila kuinua macho. Niliweza wiki mbili. Tulipofika mada ya chuma, kitabu kikanichosha hadi nikakitupa mezani. Nikawaambia wanafunzi kwamba chini kabisa ardhini kuna maji moto yenye chumvi, yanayopenya kwenye mawe na kuyanyang'anya chuma. Yanapanda nacho kupitia nyufa. Yakipoa, au yakikutana na mwamba wa chokaa, hayawezi tena kukibeba. Yanakitua hapo na kwenda zao, na kwa miaka mingi mno chuma kinarundikana. Nikachemsha maji, nikakoroga sukari hadi ikakataa kuyeyuka, nikaning'iniza uzi ndani. Siku chache baadaye uzi ulikuwa umeota chembe za sukari ngumu kama mawe.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo maji ikipita tena, si itabeba chuma yake?"

"Ikiwa imeshapoa, haiwezi."

Mwaka huo jiografia iliongoza shule nzima. Mwalimu mkuu akanichinjia kuku. Nilimla kwa uchungu.

Mama alinipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani. "Mami," ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "wamekuachilia?" Bado, mama, nilimjibu. Kisha akawa hawezi kwenda kanisani, na Jumapili moja hakuuliza. Alisema tu, "Wewe fundisha watoto wa watu." Nilijifungia ndani ya choo cha walimu nikalia.

Barua ya kunikubalia uhamisho ilifika wiki tatu baada ya kumzika mama. Mwalimu mkuu alinikabidhi kwa mikono miwili, bila tabasamu.

"Sasa unaweza kwenda nyumbani Kitale, madam."

"Kwa nani?" nikamuuliza.