Jumuiya ya Mahali Unapolala

Bado naiona asubuhi ile, mwanangu, kana kwamba godoro lingali begani mwa mume wangu. Tulisimama kwenye geti la shule ya masista, wazazi wengi, kila mmoja na mtoto wake aliyenyolewa kichwa, na beseni, na ufagio, na rimu ya karatasi, na sanduku la bati lenye kufuli. Odeta wangu, kifungua mimba wangu, alishika ndoo yake kwa mikono miwili utadhani kuna mtu anataka kumnyang'anya. Alikuwa amefaulu mtihani wao, amefaulu na mahojiano, jina lake limebandikwa ukutani watu wanalisoma. Kilichobaki ni kuandikishwa tu.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulikuja kunywa chai hapa Kigali, kwangu Biryogo, ukaniambia mtoto wako ameitwa kufanya mtihani wa shule ya masista, na kwamba nyinyi bado wageni, mmetoka Mwanza hata mizigo hamjaifungua yote. Ukaondoka unacheka. Sikutaka kukuharibia furaha yako. Nikaona afadhali niandike, maana nikiyasema haya kwa mdomo huwa napandwa na hasira, nikawasema watu kupita haki yao. Shule yangu ni darasa la saba kule Ngara, kwa hiyo nikikosea utanivumilia.

Sista aliyekuwa mezani hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo, nisije nikalisahau huko mbele.

"Cheti cha ubatizo iko. Komunyo iko. Ripoti iko nzuri sana," alisema, akamtazama Odeta na kutabasamu. "Barua ya jumuiya iko wapi?"

Jumuiya, kama hujazoea mambo ya Wakatoliki wa hapa, ni zile familia za nyumba zinazopakana. Wanasali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na wana kiongozi wao. Mtoto akitaka nafasi shule kama ile, kiongozi ndiye anayeandika kwamba familia hii tunaijua, tunasali nayo, halafu padri anagonga muhuri. Kiongozi asipoandika, padri hagongi. Ukimwendea padri moja kwa moja anakurudisha kwa kiongozi. Nilijaribu.

"Tunasali Gitega, Sista," nikamwambia.

"Na mnakaa Gitega?"

"Tulikuwa tunakaa. Sasa tuko Rebero, kule mlimani."

"Basi barua itoke Rebero, mama. Jumuiya iko ya mahali mtu analala."

"Lakini anayesoma ni mtoto. Si mimi."

"Ndiyo, najua." Akaweka kalamu chini. "Kuna watu walikuwa wanabatiza watoto mwezi ule wa kuomba nafasi. Wakishapata, kanisani hatuwaoni tena. Ndiyo sababu tukaweka sheria, na iko ya wote. Ijumaa tunafunga kuandikisha. Nafasi yake naishika mpaka hapo."

Na kweli aliishika mpaka Ijumaa. Hakumpa mtu mwingine hata saa moja kabla. Nasema hivyo ili uone kwamba sina pa kumkamata.

Mume wangu akabeba godoro tena. Njiani akafanya mzaha, ndivyo alivyo akiwa na hofu: "Mungu anajua tunakolala. Shida ni masista kutaka barua yake."

Sasa nikueleze tulivyofika hapo. Gitega tuliishi tangu tulipoingia Kigali. Uchochoro wetu ulikuwa na watu wa kila mahali: waliokulia Tanzania kama sisi, waliotoka Bukavu, waliotoka Bujumbura. Sala za jumuiya zilikuwa kwa Kinyarwanda, lakini tukimaliza, chai inaletwa na Kiswahili kinafunguliwa. Kiongozi wetu alikuwa Mama Ferisita, mama mkubwa wa Bukavu, anauza vitenge, sauti yake unaisikia kabla hujafika kwake. Ndiye aliyenipokea. Nilipojifungua mtoto wa pili ndiye aliyenikanda maji ya moto. Mimi nilimwita mama, na sikuwa natania.

Halafu mume wangu akapata kazi ya kulinda nyumba ya mtu Rebero, nyumba ambayo bado inajengwa, mwenyewe yuko Ulaya. Tukapewa chumba cha nyuma. Hatulipi kodi, hewa nzuri, unauona mji wote chini. Tukahama. Ila kila Jumamosi tulishuka Gitega kusali na watu wetu. Wakituona tunaingia wanaanza: "Haya, mabosi wa Rebero wamefika! Mmetuletea parachichi, ao mmekuja na mikono mitupu?" Tunacheka wote. Mimi nilidhani ni utani. Sikujua kwamba walikuwa wameshatuhesabu ni wageni.

Utauliza kwa nini sikusali Rebero. Nilikwenda mara moja. Watu walikuwa wa heshima, wafanyakazi wa maofisi, viti vya sofa, nikakaa ukingoni. Wakaniomba nijitambulishe. Kinyarwanda changu kina Ngara ndani yake hata leo, na siku ile kilikuwa kibaya zaidi. Nilipomaliza, wasichana wawili waliokaa nyuma wakacheka wakiziba midomo. Sikurudi. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii, mwanangu. Huenda walikuwa wanacheka jambo lao. Wasichana hucheka. Siwezi kuapa kwamba walinicheka mimi. Lakini nilishuka kilima nikilia, na kila Jumamosi iliyofuata nilipata sababu ya kwenda Gitega.

Basi siku ileile ya kutoka shuleni nikaenda kwa Mama Ferisita. Nilikwenda bila wasiwasi kabisa. Nilijua nitatoka na barua na chai juu yake.

"Andika tu kwamba sisi ni wa jumuiya yako, mama. Si ndiyo ukweli? Jumamosi iliyopita tulikuwa hapa, mume wangu ndiye aliyesoma somo."

"Iko ukweli. Nitaandika munasali hapa. Lakini barua inauliza munakaa wapi. Niandike nini?"

"Andika Gitega."

Alikunja kitenge alichokuwa amekishika, akakiweka juu ya vingine, akakinyoosha.

"Weye unalala wapi, Mama Odeta?"

"Unajua ninakolala."

"Sema."

"Rebero."

"Basi kule ndiko kwako. Miye sitaandika uongo na kuupeleka kwa padri. Unataka mtoto aingie shule ya Mungu kwa uongo wa mama yake?" Halafu akasema neno ambalo limenikaa kifuani mpaka leo: "Kule Rebero uliona watu si saizi yako. Hapa ulikuja kupumzika. Jumuiya si mahali pa kupumzika, mtoto wangu. Ni watu watakaokuzika."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kumbe chai yote ile tuliyokunywa ilikuwa ya duka, si ya undugu. Nikatoka. Alikuwa na haki ya kukataa, nakubali. Lakini alikuwa na haki ya kunisema hivyo siku hiyo? Hapo bado sijui. Mtu aliyenikanda tumbo angeweza kukataa kwa upole.

Ikabaki Rebero. Kiongozi wa huko alikuwa Mzee Anastazi, aliyekulia Uganda, mstaafu wa serikali, anatembea na fimbo na redio ndogo mfukoni. Nyumba yake ilitazamana na ile tuliyolinda. Tulisalimiana kila asubuhi. Alikuwa amenikaribisha kwenye sala zaidi ya mara moja, akiwa upande wa pili wa barabara, na mimi najibu "wiki ijayo, mzee", naye anasema "haya, wiki ijayo". Alitukaribisha ndani, mimi na Odeta, akazima redio, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Mbabarira, mama," alisema, yaani nisamehe. "Mimi nitaandika nini? Kwamba naona moshi wa jiko yako?"

"Andika kwamba sisi ni watu wema, mzee. Unatuona."

"Wema nauona. Usafi nauona. Bwana yako anafagia mpaka mbele ya kwangu. Lakini barua inasema, huyu anasali na sisi. Nikikuandikia wewe, kesho wataniletea wengine kumi, na watoto wa hapa wanaokuja kila wiki nitawaambia nini?" Akamgeukia Odeta. "Wewe binti uko na akili, nimesikia. Mama, anza kuja. Mje mwaka huu, mwakani nitaandika kwa mkono wangu, tena kurasa mbili."

Alisema kwa moyo mzuri. Nilitaka kumbusu mkono na nilitaka kuivunja ile redio. Maana alikuwa hajui sheria nyingine ya shule ile: hawapokei mtoto aliyekaa nyumbani mwaka mzima, wala aliyerudia darasa. Anayeingia ni aliyemaliza msingi mwaka uleule. Kwa Odeta hapakuwa na mwakani. Nikamweleza. Akaiwasha tena redio yake, akaizima. Halafu akasema, "Ihangane," yaani vumilia, neno tunalolisema msibani.

Ijumaa nilikwenda shuleni peke yangu. Nilimwambia Sista ukweli wote, mpaka ule wa kumwomba Mama Ferisita aandike Gitega. Sijui kwa nini nilisema. Pengine nilidhani ukweli utalipwa. Sista alinishika mkono, akaniambia atatuombea. Nyuma yangu baba mmoja alikuwa ameshasogea na mtoto wake na beseni lake.

Niliporudi, Odeta alikuwa ameketi mlangoni juu ya sanduku la bati. Aliniangalia usoni mara moja tu. Hakuuliza.

"Hii ndoo," akasema, "nichotee maji?"

Mwanangu, nimesikia maneno makali maishani mwangu, lakini hakuna lililonikata kama lile.

Nisije nikakudanganya kwamba mtoto aliharibika. Alisoma shule ya kutwa, akamaliza, na leo anashona hapa Biryogo, na ukitaka nguo ya harusi kwake unasubiri zamu. Mama Ferisita alikuja baadaye kunisalimia Rebero, ameleta ndizi, akakaa, hakuomba radhi, nami sikuomba. Nilisikia kwamba mwaka uliofuata alimwandikia mama mwingine aliyekuwa amehamia mbali. Nilisikia, sikuona, na mama huyo sitamtaja. Mama Ferisita alipofariki nilikwenda kuzika. Nyumba ya Rebero ilipokwisha, mwenyewe akarudi, tukahamia huku chini Biryogo, na Jumamosi ya kwanza kabisa, vyombo bado viko kwenye magunia, nilibisha kwa kiongozi wa jumuiya nikasema kwa Kinyarwanda changu kibovu: nimefika, nalala nyumba ile.

Lakini zamu ya kusali ikifika kwetu, Odeta huja kunisaidia. Anapanga viti, anachemsha chai, anahesabu vikombe visipungue. Wakianza ishara ya msalaba anatoka, anakaa nje kwenye ngazi mpaka waseme amina. Sijawahi kumwambia ingia. Nitamwambia kwa mdomo gani?

Ndiyo maana nakusihi. Jumamosi hii usiende kusali kwa wale marafiki zako wa Kiswahili ulionitajia, kule mjini, hata kama huko ndiko moyo unakotulia. Nenda kwa watu wa mtaa unaolala. Watakucheka, au watakuwa wanacheka jambo lao; kaa mpaka mwisho. Wakikuambia ubebe benchi, beba. Sheria za shule ziulize leo, ukiwa bado huna haja nazo, tena uliza zote, maana ile moja usiyoiuliza ndiyo itakayokungoja getini. Usimwombe mtu anayekupenda aandike uongo. Akikubali utamdharau, akikataa utampoteza. Na siku nawe utakapokuwa kiongozi, akaja mama na mtoto aliyenyolewa kichwa anataka barua, kama huwezi kuandika, usiandike. Lakini usimhubirie. Mpe kiti, mpe maji, halafu vaa viatu, mwende pamoja mpaka kwa padri, ukaseme kwa kinywa chako unalolijua na usilolijua. Kwa ajili yetu hakuna aliyevaa viatu. Wote walikuwa na haki, mwanangu, na mtoto wangu alibaki nje ya haki zao zote.

Mungu akujalie majirani wanaolijua jina lako kabla hujawa na shida. Akufungulie lile geti, mtoto wako aingie na godoro lake, alale juu yake huko huko, lisirudi nyumbani begani mwa baba yake.